Mama Yangu Ndani ya Chenga

Jua lilikuwa linazama nilipotumwa kwa fundi redio kuchukua deki ya video. Nilitumwa, narudia. Mtu mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, upper second, miaka mitatu mtaani, anatumwa kama mtoto wa darasa la tatu: "Msomi, kimbia kabla fundi hajafunga!" Digrii yenyewe iko kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, upande wa mgongo. Kazi pekee iliyowahi kufanya ni kuzuia chaga zisinichome.

Aliyenituma ni Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea. Ana mkanda mmoja wa video ya harusi yake, plastiki nyeusi, mnene kama kamusi, uliokaa kabatini miaka ishirini na miwili ukinuka naftalini. Alitaka niuingize kwenye kompyuta kabla haujaoza.

Mimi niliutaka kuliko yeye, ila sikumwambia. Mama yangu yumo mle. Alifariki mwezi uleule wa harusi, nikiwa na miaka mitatu. Nina picha zake mbili, zote kasimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Sijawahi kumwona akitembea. Sijui hata alikuwa akigeukaje akiitwa.

Fundi alikuwa ameshashusha nusu ya mlango.

"Deki hii ina uzee wake," alisema, akiifuta kwa kitambaa. "Na mkanda wako nimeuona, umeota ukungu. Utacheza mara moja. Ukijaliwa, moja na nusu."

"Nikikosea?"

"Dada msomi, ukikosea usije kulia hapa. Mimi natengeneza redio. Sifufui."

Nilicheka. Njia nzima nilibeba deki kifuani kama mtoto mchanga, nikiwaza nitakavyowaambia watu siku moja: mama yangu alikuwa anatembea hivi.

*

Fundi hakukosea. Mkanda ulicheza mara moja, ukaingia wote kwenye kompyuta yangu, na dakika ya mwisho deki ikautafuna. Niliuchomoa ukitoka utepe kama utumbo. Basi. Kilichobaki duniani ni faili moja ghafi, gigabaiti arobaini, ndani ya kompyuta ambayo feni yake inalia kama mgonjwa wa pumu.

Lakini nilikuwa nimemwona.

Sekunde arobaini. Anaingia kutoka kushoto amenibeba ubavuni. Anapita mbele ya kamera, ananirusha kidogo, anageuka nusu, anamcheka mtu asiyeonekana, anapotea kulia. Anapogeuka, bega linatangulia, uso unafuata. Kumbe ndivyo ninavyogeuka mimi! Miaka yote naambiwa nageuka kama askari, kumbe nimerithi.

Tatizo ni chenga. Picha nzima ilikuwa imejaa chenga, vidoadoa vinarukaruka juu ya kila uso. Mama mkubwa alikuja na kikombe chake cha chai, akaangalia, akakunja uso.

"Ndiyo nini hii? Wageni wangu wamemwagiwa majivu?"

"Ni chenga, Mama. Mkanda wa zamani."

"Si uzisafishe? Au hamkufundishwa hiyo?"

Tulifundishwa. Niwaeleze kidogo. Video ni picha ishirini na tano kila sekunde. Filta ya chenga hulinganisha picha moja na ya kabla yake na ya baada yake. Kilichokaa palepale, hicho ni kitu: kiachwe. Kinachorukaruka, huo ni uchafu: uchujwe. Basi. Haijui harusi, haijui mama wa mtu. Ukiipa nguvu ndogo, inapangusa vumbi. Ukiipa nguvu kubwa, inaanza kula na watu wanaotembea, wanabaki na mikia kama moshi. Hilo linajulikana. Sehemu hiyo siyo uchawi. Shikeni hapo.

Nina tabia niliyotoka nayo chuoni. Nikichuja video, kile kilichochujwa sikitupi. Nakihifadhi kwenye faili ya pembeni, nihakikishe sijatupa cha maana. Faili hiyo naiita machicha. Tui huku, machicha kule. Ukirudisha machicha kwenye tui, unapata karibu kila ulichokuwa nacho.

Nilianza na nguvu tatu. Taratibu, kitaalamu. Saa sita za kusubiri. Umeme ulikatika ikiwa imefika asilimia themanini. Nikaanza upya. Ukakatika ikiwa tisini na moja. Wallahi nilitaka kuing'ata ile keyboard.

Jaribio la tatu likafika mwisho. Chenga zilipungua. Mama yangu alikuwa bado yupo, ana mkia kidogo wa moshi. Na nyuma yake, kwenye mlango wa jikoni, palitokea kitu ambacho chenga zilikuwa zimekificha.

Kirefu. Cheusi kidogo kuliko ukuta.

Nguo imetundikwa, nikasema.

Nikamwita Mama mkubwa. Alitazama sekunde kumi.

"Bado majivu."

"Nimepunguza sana, Mama. Nikiongeza nguvu, watu watafutika."

"Mtoto wa jirani anasafisha video kwa simu. Kwa simu! Na cheti hana." Akanywa chai. "Miaka minne chuoni..."

Hakumaliza. Hakuwa na haja ya kumaliza.

Hapa ndipo nilipokosea, na sitamsingizia jini wala mchawi. Niliweka nguvu kumi. Mwisho wa kipimo. Hakuna sababu ya kitaalamu. Ni hasira. Unataka kioo? Chukua kioo! Na kwa kuwa diski ilikuwa imejaa hadi shingoni, niliiamuru kompyuta ikimaliza tu kuchuja, ifute faili ghafi yenyewe. Nikaiacha inakoroma, nikaenda kwenye interview.

Watu mia mbili na kitu, nafasi moja. Entry level, uzoefu miaka mitano. Nilisimama kwenye foleni tangu saa mbili asubuhi. Saa tisa akatoka dada mmoja na karatasi, akasema waliobaki tutawapigia. Tutawapigia! Hata namba zetu hakuchukua.

*

Nilirudi magharibi, miguu inawaka.

Chumbani palikuwa kimya.

Ilinichukua muda kuelewa kimya kile ni cha nini. Feni ya kompyuta haikuwa inalia. Taa inawaka, skrini inawaka, kazi imeandikwa asilimia mia. Lakini feni... kimya. Na palikuwa na harufu. Kama nguo zilizoanikwa kivulini zikakataa kukauka.

Nikafungua faili. Nikasogeza mpaka kwenye sekunde zangu arobaini.

Picha ilikuwa safi. Safi kuliko mkanda wowote unavyoweza kuwa. Ukuta unaona nyufa. Kitambaa cha meza unaona nyuzi. Wageni waliokuwa wanacheza wamekuwa moshi, kama nilivyotarajia.

Nikasubiri mama aingie kutoka kushoto.

Hakuingia.

Niliingia mimi.

Mtoto wa miaka mitatu, gauni la maua, viatu vyeupe. Safi, kila ukope. Ananing'inia hewani usawa wa kiuno cha mtu mzima. Anapita mbele ya kamera. Anarushwa kidogo, anashuka, anarushwa tena.

Hakuna aliyembeba.

Nikasimamisha video. Kichwa kinatafuta maelezo, maana ndiyo kazi niliyosomea. Filta imemla mama kwa sababu anatembea. Sawa. Lakini mtoto anatembea naye mwendo uleule! Alitakiwa kuliwa pia. Filta haina macho. Haichagui mtu.

Nikabonyeza iendelee.

Ile nguo iliyotundikwa haikuwa tena mlangoni.

Haikuwa nguo.

Alikuwa mwanamke. Amesimama hatua mbili nyuma ya mtoto. Mikono imelala ubavuni. Uso mtulivu kama wa mtu anayesubiri zamu yake. Katika picha elfu moja za sekunde zile arobaini, hakuna hata moja ambayo unywele wake umetikisika. Nimezihesabu baadaye. Elfu moja.

Sauti nayo nilikuwa nimeichuja, ule mvumo wa mkanda. Muziki ulikuwa umebaki mbali, kama uko chini ya maji. Na juu ya muziki, karibu kabisa, kama mtu ameweka mdomo kwenye spika...

"Atulie tu."

Nilipiga kelele. Mama mkubwa akaja mbio na mwiko mkononi.

"Mama, huyu ni nani?"

Alitazama. Mwiko ukashuka taratibu mpaka ukagusa sakafu.

"Zima."

"Ni nani?"

"Zima kwanza."

Nikazima skrini. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Sijawahi kumsikia Mama mkubwa akinong'ona. Ni mtu ambaye hata siri zake jirani wanazisikia. Jioni ile alinong'ona.

"Siku ile alikuja mwanamke. Sisi tukadhani ni wa upande wa bwana harusi. Wao wakadhani ni wetu. Kasimama mlangoni tangu mchana. Hali, hanywi, hachezi. Mama yako, unajua hakuweza kuona mtu amesimama peke yake, akamwendea. Akamuuliza, dada, umekuja na nani?"

"Akasemaje?"

"'Nimemfuata mtoto.' Mtoto yupi? Akakuonyesha wewe, kwa kidevu. 'Usihangaike. Nangoja atulie tu.'"

Nikageukia ile skrini iliyozimwa.

"Ulikuwa mtukutu wewe, hukai chini hata kwa dawa. Mdogo wangu akakubeba. Hakukuweka chini tena siku ile. Anazunguka nawe, anakurusha, anacheza hata muziki ulipozimwa. Tulimcheka! Tukasema huyu amelewa soda. Kumbe hata tuliporudi nyumbani anakutembeza tu. Ukilala, anatembea nawe. Siku ya tisa miguu imevimba hivi." Alionyesha kwa mikono, kama anapima tikiti. "Siku ya kumi na moja akaniambia, dada, nakaa kidogo."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo hivyo. Hospitali walisema moyo."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa uani unafukuza kuku." Alifuta macho kwa mgongo wa kiganja. "Walielewana nini wale wawili, sijui. Sijamwambia mtu. Nani angeniamini?"

Aliinuka, akaokota mwiko. Mlangoni akageuka.

"Sasa mdogo wangu yuko wapi kwenye hiyo video yako?"

Faili ghafi ilikuwa imefutwa, kwa amri yangu mwenyewe. Mkanda ulikuwa utumbo kwenye ndoo ya taka. Sekunde arobaini nilizozisubiri maisha yangu yote nilikuwa nimezitupa kwa sababu mtu alinitania kuhusu cheti. Nilikaa nikajitukana kwa lugha mbili, na zote zikaisha.

Ndipo nikakumbuka machicha.

*

Nilisubiri asubuhi, jua liwe juu, mlango wazi. Nikafungua faili ya vilivyochujwa.

Ni chenga tupu. Kijivu, zinachemka kama uji. Nikasogeza kwenye sekunde zangu.

Akaingia kutoka kushoto.

Ametengenezwa na chenga. Uso chenga, mikono chenga, vidoadoa vinaungana na kuachana. Lakini ni yeye. Bega linatangulia, uso unafuata. Anacheza, anazunguka, mikono yake imekumbatia pengo lenye umbo la mtoto. Kila kitu kilichokuwa kimetulia kilikuwa kimeenda kwenye faili ile safi, kwa yule mwingine. Mama yangu alikuwa huku, kwenye uchafu.

Nililia kwa sauti. Sioni aibu.

Nikarudisha machicha kwenye tui. Hesabu rahisi, jumlisha tu. Saa nne baadaye nikawa nayo: chenga zote zimerudi, mama amerudi, nimo ubavuni mwake. Yule mwanamke yupo pia, hafutiki tena, hatua mbili nyuma. Lakini mama yuko katikati yetu. Anatembea. Sekunde zote arobaini yuko katikati.

Furaha ikanipumbaza. Nilimtumia Mama mkubwa kwenye simu, nikaandika: "Huyu hapa mdogo wako. Chenga zake usiziguse."

Aliguna, akalia, akaiweka kwenye kundi la ukoo. Ndugu arobaini na saba.

Sikuwa nimefikiria simu. Simu ikituma video huipunguza uzito kwanza, na chenga ndizo za kwanza kutupwa, maana kwake ni mzigo. Anayepokea akiihifadhi na kuituma tena, inaweza kupunguzwa tena. Kila mkono ni chujio jingine. Hilo nililisoma mwaka wa tatu. Nilipata A.

"Mashallah, amependeza," shangazi fulani akaandika siku ya kwanza.

Siku ya pili mjomba, yule anayetuma kila kitu mara nne: "Hii niliyopata kwa binamu ni safi zaidi, itazameni."

Siku ya tatu: "Mbona kama anachechemea?"

Nikaandika kwenye kundi. Msiitume tena, tafadhali. Ifuteni. Wakacheka. "Msomi kaja na masharti," mmoja akasema. Mwingine: "Copyright!" Mjomba akaituma tena, na emoji ya kichwa kinachocheka.

Nikafungua faili yangu mwenyewe, iliyoko kwenye diski yangu, ambayo hakuna mkono ulioigusa. Haijatumwa popote. Haijachujwa tena.

Kwenye yangu pia anachechemea.

Nikaicheza mara ya pili kuhakikisha. Mguu wa kushoto anauburuta. Hakunirusha. Nikafunga haraka, na tangu hapo sijathubutu kuifungua. Ninacho kile nilichokitaka, kiko pale, faili yenye jina na ukubwa wake, na siwezi kukitazama, maana sijui kama nikitazama nami namchosha. Na wenzangu arobaini na saba wanatazama. Safarini, kwenye foleni, wakisubiri maji yachemke. Wanamwonyesha huyu na yule. Wanampenda. Nitawaambiaje?

Leo asubuhi Mama mkubwa alitoka kwenda sokoni. Saa saba na nusu akaniandikia.

"Mwanangu, mjomba wako kanirudishia ile video, sasa ni kioo kabisa, haina chenga hata moja. Mdogo wangu kasimama vizuri, hata hapepesi. Ila wewe sikuoni. Si alikuwa amekubeba?"

Nikainuka kitandani.

Tangu ujumbe huo uingie natembea, nisije nikatulia. Dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Sehemu hii ya mwisho naiandika kwa kidole gumba nikitembea, mkiona herufi zimeruka mnisamehe. Ni mchana kweupe, nje wanapiga mpira. Feni ya kompyuta imenyamaza tena na mle ndani mnanuka nguo mbichi. Sigeuki kutazama skrini. Nina miaka ishirini na mitano, sina mtu wa kunibeba, na tangu asubuhi sijala.

Sijui natakiwa nifike siku ngapi. Mama aliweza kumi na moja.